Kupanga njia za simu kwenye lango la simu za intaneti: mwongozo kamili

Lango la simu za intaneti linasimama katikati: huku nyaya za simu za kawaida, kule mtandao. Kugeuza sauti kuwa pakiti linajifanyia lenyewe, wala hutakiwi kuhangaika nako. Kinachoumiza kichwa ni kuliambia simu iliyoingia itokee wapi. Lango halijui kwamba 0 ya mwanzo ni simu ya ndani ya nchi, kwamba 00 ni ya ughaibuni, au kwamba anayepiga 112 ana haraka. Linaona mfuatano wa tarakimu, linaulinganisha na jedwali uliloliandika, basi.

Kwa hiyo kazi hii huanzia kwenye karatasi. Nimeona mafundi wengi, nami nilikuwa mmoja wao, wakifungua ukurasa wa mipangilio na kubofya huku na huku mpaka simu moja ipite, kisha wakafunga begi. Simu moja kupita inathibitisha mstari mmoja tu wa jedwali. Mistari mingine utaisikia kwa watumiaji.

Jua kila waya unaishia wapi

Chora lango katikati ya karatasi, kisha chora kila kinachoingia na kutoka.

Tundu la FXS hulisha simu ya kawaida: linatoa umeme, mlio wa laini na mlio wa kuita. Tundu la FXO ni kinyume chake, linajifanya simu, nawe unalichomekea waya unaotoka kwa kampuni ya simu. Matundu haya yanafanana kwa macho, na kuchomeka waya wa kampuni ya simu kwenye FXS kunaweza kuliharibu. Soma maandishi yaliyo chini ya tundu kila mara, hata kama kifaa unakijua.

Ukiwa na laini ya E1, yaani laini moja ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja, ndani yake mna nafasi 32, na 30 kati ya hizo ndizo hubeba sauti. Inayotumika Amerika Kaskazini ni T1 yenye nafasi 24, ambapo kwa kawaida 23 hubeba sauti na moja hubeba ishara. Jambo moja la E1 lisikupite: saa, yaani mapigo yanayoziweka pande mbili kwenye mwendo mmoja. Upande mmoja ndio unaotoa saa, mwingine unaifuata. Ukiunganishwa na kampuni ya simu, lango lako ndilo mfuasi. Saa zikikosana, simu zitapita lakini sauti itakuwa na vidoa vya kelele, faksi zitakatika, na utapoteza siku nzima ukikagua njia ambazo hazina kosa.

Upande wa mtandao, itifaki ni SIP, lugha ya kuanzisha na kukata simu za intaneti, kwa kawaida kwenye poti 5060, au 5061 ikiwa mawasiliano yamefichwa kwa TLS. Andika anwani ya IP ya kila seva utakayozungumza nayo: swichibodi yako, mtoa huduma, na seva yake ya pili kama ipo.

Sasa vipange vyote katika makundi. Laini nne za FXO ni kundi moja, E1 ni kundi, kila tranki ya SIP, yaani kiungo cha simu kwenda kwa mtoa huduma kupitia mtandao, ni kundi. Njia zielekezwe kwenye kundi, wala si kwenye tundu mojamoja. Siku laini ya tatu itakapokufa utaitoa kundini, na jedwali halitaguswa.

Ndani ya kundi la FXO kuna ujanja wa zamani ambao bado unafaa. Kampuni ya simu ikiwa inagawa simu zinazoingia kuanzia laini ya kwanza kupanda, wewe zigawe zinazotoka kuanzia ya mwisho kushuka. Vinginevyo kuna siku lango litanyanyua laini ili lipige, kumbe sekunde hiyo hiyo mtu yuko njiani anaingia, na watu wawili wasiojuana wakajikuta wanasalimiana.

Kila namba iwe na sura moja

Namba ileile inaweza kufika langoni ikiwa na sura tatu au nne: yenye 0 mbele, yenye 00 na msimbo wa nchi, yenye alama ya kujumlisha, au yenye 9 ya kuomba laini ambayo swichibodi za zamani hupenda. Ukiandika njia kwa kila sura, jedwali litakuwa na mistari mara nne ya inayohitajika, na utasahau mmoja.

Dawa yake ni kugawa kazi mara tatu. Simu inapoingia, isafishe namba iwe na sura moja. Kisha amua njia kwa kuangalia sura hiyo tu. Simu inapotoka, ivalishe namba sura anayoitaka anayeipokea. Sura nzuri ya ndani ni ya E.164: msimbo wa nchi na namba ya mtu, bila sufuri za mbele, jumla tarakimu zisizozidi 15. Tuseme msimbo wa nchi ni KKK na namba za nchi hiyo zina tarakimu tisa baada ya 0. Kanuni za usafishaji zitakuwa hivi:

- 00 ikifuatiwa na tarakimu nyingine: ondoa 00.
- 0 ikifuatiwa na tarakimu tisa: ondoa 0, weka KKK.
- Alama ya kujumlisha: iondoe, acha tarakimu.
- Tarakimu tatu zinazoanza na 2, 3 au 4, yaani ekstensheni za ndani: ziache zilivyo.
- 112 na namba nyingine za dharura za eneo lako: usiziguse kabisa.

Umeona kwamba ekstensheni hazianzi na 1? Si bahati. Ukimpa mtu ekstensheni 112 au 1120, umeshajitega. Vivyo hivyo ziepuke zinazoanza na 0, na 9 kama bado inatumika kuomba laini.

Malango mengi yana kisanduku kinachouliza kama tarakimu zibadilishwe kabla ya njia kuchaguliwa au baada yake. Kisanduku hiki kidogo ndicho chanzo cha nusu ya simu ninazopigiwa kuombwa msaada. Usafishaji wa kuingia lazima uwe kabla. Uvalishaji wa kutoka lazima uwe baada. Ukigeuza, jedwali linatafuta KKK wakati namba bado ina 0, halipati kitu, na anayepiga anasikia mlio wa namba isiyopo.

Lango litajuaje kwamba mtu amemaliza kupiga?

Swali hili linahusu hasa simu zilizo kwenye FXS. Simu ya SIP hutuma namba nzima kwa mkupuo, lakini ya kawaida hutuma tarakimu moja baada ya nyingine, na lango halina njia ya kujua ipi ni ya mwisho isipokuwa umelipa ramani ya tarakimu. Usipoiweka, litasubiri sekunde kadhaa baada ya kila namba, na watu watalalamika kwamba simu ni nzito.

Ramani huandikwa hivi kwenye vifaa vingi:

112|[2-4]xx|0[1-9]xxxxxxxx|00x.T

Maana yake: ukiona 112, piga papo hapo. Ukiona tarakimu tatu zinazoanza na 2 hadi 4, piga papo hapo. Ukiona 0, kisha tarakimu isiyo 0, kisha nane nyingine, piga papo hapo. Ikianza na 00, urefu haujulikani, kwa hiyo subiri muda uishe. Huo muda ndiyo T. Hapo weka sekunde nne hivi, na uwafundishe watu kubonyeza alama ya reli (#) wakimaliza, ikiwa lango linaikubali kama mwisho wa namba. Angalia nilivyoandika [1-9] baada ya 0: bila hiyo, namba ya ughaibuni inayoanza na 00 ingekatwa ikifika tarakimu ya kumi.

Jedwali lenyewe

Kabla hujaandika mstari wa kwanza, fahamu lango lako linasomaje jedwali. Mengine husoma kutoka juu kwenda chini na kukamata mstari wa kwanza unaolingana. Mengine huchagua mstari unaolingana kwa tarakimu nyingi zaidi, popote ulipo. Vifaa vya Cisco viko kundi hili la pili, na mistari miwili ikilingana sawa, wenye kipaumbele cha namba ndogo ndio unaoshinda, 0 ikiwa ya juu kabisa. Asterisk, programu ya swichibodi, nayo hupanga ruwaza zake kwa ufinyu wake, haijali umeiandika ipi kwanza. Aliyezoea aina moja akihamia nyingine huharibu mambo bila kujua.

Mimi huandika jedwali kana kwamba linasomwa juu kwenda chini, lenye finyu juu na pana chini. Mpangilio huo unafanya kazi kwenye aina zote mbili:

1. Dharura, kutoka kokote ndani: laini za mezani (FXO) kwanza, tranki ya SIP baadaye.
2. Ekstensheni za ndani: swichibodi.
3. Simu za kwenda namba zetu wenyewe: zikiingia kutoka kwa mtoa huduma, swichibodi; zikitoka swichibodi, kataa.
4. Namba za malipo ya juu ndani ya nchi: kataa.
5. KKK na tarakimu tisa, kutoka swichibodi: tranki ya SIP kwanza, laini za mezani baadaye.
6. Nchi mojamoja ambazo kazi inazihitaji, kutoka swichibodi: tranki ya SIP.
7. Nyingine zote: kataa.

Mstari wa saba ndio watu huuruka, au huugeuza kuwa "nyingine zote: tuma nje". Usifanye hivyo. Ambacho hukukiandika kisiwe na njia.

Kuhusu dharura, nimetanguliza laini za mezani kwa sababu waya wa shaba huonyesha mahali ulipo, na mara nyingi hauhitaji umeme wa jengo lako. Baadhi ya malango huunganisha tundu la FXS na la FXO moja kwa moja umeme unapokatika. Kama lako lina uwezo huo, liweke kwenye simu iliyo mahali panapofikika usiku.

Angalia pia kwamba mistari inasema simu *imetoka wapi*, si inakwenda wapi tu. Hili nililipia karo. Mahali fulani niliunganisha swichibodi kwa E1 na kuandika mstari mmoja: namba zetu ziende swichibodi, zitoke zitokako. Mtu wa nje akapiga namba iliyo ndani ya safu yetu lakini isiyo na mwenyewe. Lango likaipeleka swichibodi. Swichibodi haikuijua, ikaona ni ya nje, ikairudisha langoni. Lango likaona ni namba yetu, likaipeleka tena swichibodi. Kila mzunguko ulikula chaneli mbili, na kabla mpigaji hajakata tamaa chaneli zote 30 zilikuwa zimejaa simu moja. SIP ina kinga yake, kihesabu ambacho kwa kawaida huanzia 70 na kupungua kila simu inapopita kituo, lakini simu ikivuka E1 kihesabu hicho hupotea na kuanza upya. Tangu siku ile, namba zetu zikitoka swichibodi nazikataa, na swichibodi nayo naiambia isitoe nje namba za safu yake.

Njia ya pili isiwe pambo

Kuandika njia ya akiba ni rahisi. Kuifanya ifanye kazi kabla mtu hajakata simu ni jambo jingine.

Seva ya mtoa huduma ikifa kimya, lango linatuma ombi na halijibiwi. Kwa vipimo vya kawaida vya SIP juu ya UDP, litaendelea kurudia na kusubiri hadi sekunde 32 ndipo likubali kwamba hakuna mtu. Hakuna anayevumilia ukimya wa nusu dakika. Kwa hiyo fanya mambo mawili: punguza muda huo ufike sekunde nne au tano kama lango linaruhusu, na washa ukaguzi wa uhai, yaani ujumbe wa OPTIONS unaotumwa kwa seva kila sekunde 30 au 60. Seva isipojibu, kundi lake linawekwa kando mapema, na simu inayofuata inakwenda njia ya pili bila kuchelewa.

Kisha chagua majibu yanayostahili njia ya pili. Si kila kukataliwa ni hitilafu (namba za tarakimu tatu ni majibu ya SIP, "sababu" ni majibu ya E1):

- 503, au sababu 34 upande wa E1: hakuna nafasi au huduma imekwama. Jaribu njia nyingine.
- 408, au ukimya: jaribu njia nyingine.
- 486, au sababu 17: mtu anaongea. Ishia hapo.
- 404, au sababu 1: namba haipo. Ishia hapo.
- 403: umekataliwa. Ishia hapo, kisha kaangalie namba yako ya mpigaji.

Ukiruhusu 486 ihamie njia ya pili, lango litampigia mara ya pili mtu aliye kwenye simu.

Simu zinazoingia, na namba inayoonekana

Kwa tranki ya SIP, namba iliyopigwa inapaswa kuwa kwenye mstari wa kwanza wa ombi. Watoa huduma wengine huweka hapo jina la akaunti yako, na namba yenyewe wakaiacha kwenye kichwa cha To. Jedwali lako likisoma mstari wa kwanza, simu zote zitaonekana zinakwenda mahali pamoja. Kamata ombi moja uliangalie kwa macho kabla hujaandika kanuni.

Kwa laini za FXO hakuna namba iliyopigwa inayofika kabisa. Kuna kengele tu. Kila laini ielekeze moja kwa moja kwenye ekstensheni ya mapokezi. Kuna mpangilio mwingine unaofanya lango lipokee na kumpa mpigaji mlio wa pili wa laini ili apige anachotaka. Uzime. Huo ni mlango wazi kwa yeyote anayetaka kupiga ughaibuni kwa bili yako. Pia, katika nchi nyingi namba ya mpigaji hutumwa kati ya kengele ya kwanza na ya pili, kwa hiyo liambie lango lipeleke simu baada ya kengele ya pili, la sivyo mapokezi wataona "haijulikani" kila mara.

FXO ina tabia nyingine mbaya: mtu wa nje akikata, lango linaweza lisijue, na laini ikabaki imeshikiliwa hadi asubuhi. Uliza kampuni ya simu inaashiria vipi mwisho wa simu: kwa kugeuza nguzo za umeme, kwa kuukata kidogo, au kwa mlio wa shughuli tu. Ikiwa ni mlio, ingiza masafa na vipindi vya mlio wa nchi yako.

Zinazotoka ziwe na namba ya mpigaji iliyo yako. Watoa huduma wengi hukataa simu yenye namba wasiyokupa, na jibu huwa 403, ambalo fundi hulisoma kama kosa la nywila.

Kodeki kwa kila njia

Kodeki ni namna ya kuigeuza sauti kuwa biti. Kwa ufupi: G.711 hubeba sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde, lakini ukijumlisha vichwa vya pakiti vya kila milisekunde 20 inafika 80, kila upande. G.729 ni kilobiti 8, ikiwa na vichwa ni 24. Kiungo kikiwa kinene tumia G.711, kikiwa chembamba G.729. Aina ya A ya G.711 hutumika sehemu kubwa ya dunia, na aina ya mu Amerika Kaskazini na Japani. Njia yenye faksi iwe T.38, itifaki ya kupitisha faksi mtandaoni, au G.711, kamwe si G.729. Ukiona jibu la 488, pande mbili hazikupata kodeki ya pamoja.

Tarakimu zinazobonyezwa katikati ya simu zipitie pakiti zake za pekee, si ndani ya sauti, na pande zote mbili zikubaliane hivyo.

Funga milango

Poti 5060 ikiwa wazi kwa dunia nzima, haitachukua muda kabla ya roboti kuja kubisha, zikijaribu ekstensheni 100, 101, 1000 na nywila rahisi. Orodhesha anwani za IP zinazoruhusiwa kutuma simu, zizuie nyingine zote kwenye faiwoli na kwenye lango lenyewe. Badilisha nywila iliyokuja na kifaa. Weka ukomo wa simu za ughaibuni zinazoweza kwenda kwa pamoja, na ukomo wa urefu wa simu moja. Wezi wa simu hupenda usiku wa mwisho wa wiki. Kama lango lina ratiba, mstari wa sita uufunge saa zisizo za kazi.

Ukiwa kwenye ruta, zima kipengele cha ALG cha SIP. Kiliwekwa kwa nia njema, lakini hubadilisha anwani ndani ya ujumbe, mara nyingi vibaya.

Jaribu mstari kwa mstari

Chukua lile jedwali la karatasi, ongeza safu mbili: "nilichotarajia" na "kilichotokea". Kila mstari upigie kutoka kila chanzo, pamoja na inayopaswa kukataliwa. Kwa dharura, wasiliana kwanza na kituo husika kupitia namba yao ya kawaida mkubaliane saa. Usiwapigie kwa kushtukiza.

Njia ya pili ijaribu kwa kuvunja ya kwanza kwelikweli: izuie seva ya mtoa huduma kwenye faiwoli, piga, hesabu sekunde. Kisha ijaze: shikilia laini zote za FXO na upige moja zaidi.

Simu ikikataa, usibahatishe. Fungua sngrep au Wireshark, programu za kunasa pakiti, uangalie ombi linaloingia na linalotoka. Linganisha namba katika hayo mawili, na utaona ni hatua ipi kati ya tatu iliyoharibu: usafishaji, uamuzi au uvalishaji. Simu ikiunganika lakini sauti inasikika upande mmoja, jedwali halina hatia. Angalia mstari wa c= ndani ya maelezo ya sauti; ukikuta anwani ya ndani kama 192.168 imetumwa kwa mtoa huduma, anajaribu kutuma sauti mahali asipoweza kufika.

Ukimaliza, hifadhi. Kwenye malango mengi kutekeleza mpangilio na kuuhifadhi ni vitufe viwili tofauti, na aliyebonyeza kimoja hugundua umeme unapokatika. Pakua nakala ya mipangilio, ipe jina lenye tarehe, iweke nje ya kifaa.

Baada ya wiki moja, rudi kwenye kumbukumbu za lango uchuje simu zote zilizoishia mstari wa saba. Humo utakuta mambo mawili: nchi ambayo mtu wa mauzo anaihitaji na hakusema, na namba ambazo hakuna mfanyakazi aliyezipiga. Ya kwanza iongeze mstari wa sita. Ya pili, angalia simu ilitoka kwenye anwani ipi.